Uzoefu wangu na kurasa za man kwenye Linux

Vitabu vya programu nimesoma, video nimetazama, lakini rejea ninayoifungua mara nyingi kuliko zote ni kurasa za man, yaani mwongozo uliomo ndani ya mfumo endeshi wa Linux wenyewe. Hazidai intaneti wala malipo. Unaandika man kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), unafuatisha jina la unachotafuta, ukurasa unafunguka. Utaratibu huu una mizizi kwenye mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo uliotangulia Linux, wa 1971, na bado unanifaa kila siku.

Usiishie maelezo ya juu. Utamu uko chini, panapoelezwa fanksheni inarudisha nini na makosa gani yanaweza kutokea. Chukua read, fanksheni ya kusoma data kutoka kwenye faili. Masomo mengi hukuonyesha unaomba baiti 4096, unazipata, basi. Fungua man 2 read: unaambiwa wazi kwamba kupata baiti pungufu ya ulizoomba si kosa. Huenda faili inakaribia kuisha, au unasoma kutoka kwenye paipu (njia ya kupitisha data kati ya programu), au ishara iliyotumwa kwa programu imekatiza usomaji. Ikirudi 0, faili imefika mwisho. Ikirudi -1, hapo ndipo pana kosa, na sababu yake iko kwenye errno, kigezo kinachotunza namba ya kosa. Anayeisoma aya hiyo ataandika kitanzi kinachoendelea kusoma hadi data itimie, na programu yake haitakwama data ikija vipande vipande.

Napenda pia ukurasa wa gets, fanksheni ya lugha ya C ya kusoma mstari wa maandishi: unakukataza kabisa kuitumia, kwa kuwa haijui nafasi uliyotenga ina ukubwa gani. Kiwango cha C cha 2011 kiliiondoa.

Wageni huchanganywa na namba za sehemu za mwongozo, kama ile 2 ya man 2 read. Ukiandika man printf unaletewa amri ya terminali. Printf ya lugha ya C iko man 3 printf. 1 ni amri, 2 ni miito ya keneli (kiini cha mfumo), 3 ni fanksheni za maktaba. Jina likikutoka, tumia man -k na neno lolote linalohusiana nalo.

Kasoro zipo. Mifano ni michache, Kiingereza chake ni kikavu, na anayeanza kabisa hatajifunza kuprogramu humo. Aanze na kitabu chenye mazoezi. Halafu kurasa za 2 na 3 mara nyingine hazimo kwenye mfumo mpya. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, pakiti yake inaitwa manpages-dev, na ni vyema uisakinishe mapema, mtandao ungalipo.