Moo yao kwenye mvi zangu ngumu: miezi 14 ya kutumia

Nina miaka 56, naishi Kisumu, na kichwa changu ni cheupe kuanzia kwenye paji hadi utosini. Nywele zangu ni za kipilipili, sijazitia dawa ya kulainisha tangu 2009. Mvi zilipoingia ziliingia na tabia yao: kavu, ngumu kama katani, kila unywele na njia yake. Asubuhi natoka nyumbani zimetulia. Ikifika saa nne, joto la mji na unyevu wa ziwa vimeshakutana, zote zimetimka. Nilitafuta muda mrefu maelezo ya mtu mwenye nywele kama hizi, anayeishi kwenye hewa kama yetu, nikakosa. Ndiyo maana nayaandika yangu, kuhusu moo yao, mafuta ya shea kutoka kaskazini mwa Uganda.

Nianze na sababu ya kuacha rangi, kwa kuwa wapo wengi wanaopitia hapo hapo. Kwa miaka 11 nilipaka rangi nyeusi kila wiki ya tatu, bila shida yoyote. Mwezi wa tatu 2023 nikapakwa katika saluni moja mjini. Usiku ule kichwa kiliwasha mpaka sikulala. Kulipokucha paji la uso lilikuwa limevimba, macho yamebaki mstari, na nyuma ya masikio kunatoka maji. Daktari alinieleza kwamba rangi nyingi nyeusi zina kemikali iitwayo parafenilindiamini, kwa kifupi PPD, na kwamba mwili unaweza kuivumilia miaka mingi halafu siku moja ukaikataa. Ukishaikataa, haurudi nyuma. Piko lile jeusi tii la kuchora mikono nalo mara nyingi huwa na kemikali hiyo hiyo, kwa hiyo hata harusini sipakwi tena. Dada yangu unayesoma haya na bado unapaka, nakuomba: weka tone dogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, ungoje saa 48, hata kama ni rangi uliyoizoea. Mimi sikufanyiwa hivyo na sikujua kudai.

Sikutaka kukaa na kichwa cha rangi mbili. Nywele huota kama sentimita moja tu kwa mwezi, ningengoja mwaka na zaidi. Nikaenda kwa kinyozi nikazinyoa zote. Kwenye mazishi huko Nyakach shangazi yangu alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninaumwa. Iliniuma, kwa sababu aliuliza kwa upendo wa kweli. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa mzee kidogo kuliko alivyonizoea.

Zilipofika urefu wa kidole ndipo kazi ilipoanza. Nilijaribu mafuta ya mgando ya kawaida. Yalikaa juu, yakashika vumbi la bodaboda, na ndani nywele zikabaki kavu vile vile. Nikajaribu losheni ya nywele yenye gliserini nyingi. Januari, wakati wa jua, ilifaa. Mvua za Aprili zilipoanza nywele zilifura kama sufi. Baadaye nilielewa: gliserini huvuta maji popote yalipo, na hewa ikijaa maji inayavuta yote kuyaingiza kwenye unywele. Kwa anayeishi Eldoret huenda ni nzuri. Kwangu hapa karibu na ziwa, msimu wa mvua, siigusi.

Moo yao niliipata soko la Kibuye hapa Kisumu, Jumapili, kwa dada mmoja anayetoka Lira, Uganda, ambaye huleta mzigo kupitia Busia. Jina ndilo lililonisimamisha. Sisi kwa Kijaluo mafuta ni mo, na Waacholi na Walango ni ndugu zetu wa lugha, kwa hiyo nusu ya neno niliisikia bila kutafsiriwa. Ni mafuta ya mbegu za mti wa shea. Wengi wanaijua shea ya Ghana na Burkina Faso, ile ngumu ya kukwangua kwa kucha. Hii ni ya jamii ya nilotica, inayomea kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, na ni laini zaidi kwa sababu ina asidi ya oleiki nyingi, ile ile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni. Ukichota kwa kidole inayeyuka kabla hujaifikisha kichwani. Mti wenyewe kwa kawaida haupandwi. Unajiotea, unachukua miaka 15 au hata 20 kuzaa, na wanawake ndio wanaookota matunda yake. Wachoma makaa wameikata mingi sana. Mwaka 2023 serikali ya Uganda ilipiga marufuku biashara ya makaa huko kaskazini, na naomba kwa moyo wote marufuku hiyo ishike, maana mti wa miaka 20 haurudishwi kwa mwaka mmoja.

Nilinunua kopo la robo kilo kwa shilingi 400. Na wiki tatu za kwanza hazikunipa chochote. Nilipaka asubuhi, nikapaka jioni, nywele ziling'aa kwa nje lakini nikizishika zinakwaruza. Nilirudi Kibuye na kopo mkononi, nimekasirika. Yule dada hakubishana. Aliniuliza, "Mama, unapaka juu ya nini?" Nikamwambia juu ya nywele, juu ya nini tena. "Kavu?" Kavu. Akasema, "Maji kwanza, mama. Hii haileti maji, inayafungia ndani."

Sentensi hiyo ilibadilisha kila kitu. Mvi si nywele nyeusi zilizopauka tu. Chembe zinazotengeneza rangi kwenye mzizi, zinazotoa melanini, zimeacha kazi. Na kadiri umri unavyokwenda ngozi ya kichwa nayo inapunguza mafuta yake. Kwetu wenye nywele zilizojikunja hali ni ngumu zaidi, kwani hata yale mafuta machache hayawezi kuteremka kwenye kona zote hadi nchani. Unywele uliokauka hivyo magamba yake ya nje yanainuka. Ndiyo maana unakwaruza, na ndiyo maana unakunywa unyevu wa hewa na kufura. Nilikuwa nikiuziba mlango wa nyumba isiyo na kitu ndani.

Sasa nafanya hivi. Naosha kila baada ya siku 10, kwa shampuu isiyotoa povu kali. Maji ya kisima cha mtaani kwetu ni ya chumvi, yanaacha utando, kwa hiyo suuza ya mwisho natumia maji ya mvua kutoka kwenye tangi. Usipuuze hili. Kabla ya mafuta yoyote, maji ya mvua peke yake yalinilainishia nywele kuliko losheni ya shilingi elfu moja. Taulo nimeacha, linachokoa magamba. Nakamua taratibu kwa fulana kuukuu ya pamba, na naacha nywele bado mbichi, si za kudondosha maji lakini za kulowesha kiganja. Nagawa mafungu manane. Kila fungu nachukua moo yao kiasi cha punje ya haragwe, nasugua viganjani hadi iwe mafuta kabisa, naanzia nchani nikipanda juu, nachana kwa chanuo lenye meno mapana, nasokota. Nalala na kilemba cha satini. Asubuhi nafumua kwa vidole. Katikati ya wiki nikiona zimeanza kukauka, nanyunyiza maji kwa chupa, naongeza kidogo kwenye ncha, basi.

Matokeo nayasema kama yalivyo. Mvi zangu hazijalala chini na sizitazamii zilale. Hazijarudi nyeusi, mtu akikuuzia shea kwa ahadi hiyo anakudanganya. Zilichofanya ni kukubali umbo. Ile mikunjo midogo ambayo sikuwahi kuiona chini ya rangi ya miaka 11 sasa inaonekana mmoja mmoja, inang'aa, na saa kumi jioni bado ipo. Kuchana hakuniletei machozi. Nywele zinazobaki kwenye chanuo ni chache mno kuliko nilipoanza. Mwezi wa nane mpwa wangu, anayesuka nywele mtaa wa Kondele, alinisuka matuta bila kuomba dawa ya kulainisha, na aliniambia mwenyewe kwamba zimeteleza mikononi.

Kasoro zipo. Ya kwanza ni rangi. Kuna moo yao ya kienyeji, mbegu zikikaangwa, zikitwangwa na kuchemshwa, mafuta yakaenguliwa juu. Hiyo hutoka kahawia na ina harufu ya moshi. Kopo langu la kwanza lilikuwa hilo, na baada ya miezi miwili mvi za pembeni ziligeuka manjano. Jua na moshi wa kuni navyo hufanya hivyo, lakini mimi napikia gesi, na nilipobadilisha kopo manjano hayakuongezeka. Sasa nanunua iliyokamuliwa bila kukaangwa, rangi ya maziwa, shilingi 550. Kwa manjano yaliyokuwepo nilitumia shampuu ya zambarau mara moja kwa mwezi, miezi mitatu, yakaisha. Isizidi hapo, inakausha. Mwenye nywele nyeusi bado hana haja ya kulipia hiyo ya ghali. Mwenye mvi anayo.

Ya pili, harufu. Hata ile nyeupe ina harufu ya karanga mbichi inayokaa nusu siku. Mimi nimeizoea, mume wangu alihitaji wiki mbili. Na mwenye nywele nyembamba aipime kwa uangalifu, nusu ya haragwe inamtosha, zaidi ya hapo zinaganda kama zimemwagiwa supu.

Ya tatu ni bandia. Duka moja mjini liliniuzia kopo lenye lebo nzuri sana ambalo ndani, nina hakika, lilichanganywa na mafuta ya kupikia ya mgando: liliganda kiganjani badala ya kuyeyuka, na halikunuka chochote. Kabla hujalipa, omba uchote kidogo usugue.

Na kwa joto la Kisumu kopo huwa maji kufikia saa nane mchana. Haliharibiki kwa hilo. Linaloharibu ni vidole vyenye maji: nilivichovya hivyo kila siku kwenye kopo la pili, na mwezi wa tano likaanza kunuka uchachu, nikalitupa likiwa nusu. Sasa nachota kwa kijiko kikavu cha mti kuweka kwenye kisosi kabla sijaloweka nywele, na kopo linakaa kabatini, limefungwa, mbali na dirisha.