Google Analytics au GoatCounter kwa Tovuti Yako Ndogo?

Mtu wa Lamu mwenye tovuti ya picha za milango ya nakshi ana maswali machache: wangapi wamepita, wametoka nchi gani, ukurasa upi umependwa.

Google Analytics, huduma ya Google ya kupima wageni wa tovuti iliyoanza 2005, huyajibu hayo na mengine tele, bila malipo. Kama unauza safari za jahazi au vyumba vya Shela, ina faida ya kweli, maana huonyesha mgeni alipitia kurasa zipi kabla ya kubonyeza kitufe cha kuagiza. Lakini ni nzito, nami sipendi kumlia mtu bando lake kwa ajili ya takwimu zangu. Huweka vidakuzi (cookies), yaani vifaili vidogo vya kumtambua mgeni kwenye kivinjari chake, hivyo wageni wa Ulaya yakupasa uwaombe idhini kwanza. Tena data hukaa kwa Google, na uamuzi ni wao: Julai 2023 toleo la zamani liliacha kupokea takwimu mpya, ikabidi kila mtu ahamie toleo jipya, GA4.

GoatCounter nayo ni programu huria ya kuhesabu wageni, bure kwa tovuti za binafsi. Unabandika mstari mmoja wa msimbo, basi. Haiweki vidakuzi, na skrini moja hukuonyesha kurasa, nchi, vivinjari na viungo vilivyokuletea watu. Msimu wa Maulidi ukiingia, utaona mara moja kama wageni wameongezeka.

Zote mbili huwakosa wanaozuia skripti (misimbo kama hiyo) kwenye vivinjari vyao. Kwa tovuti isiyouza kitu, chukua GoatCounter.