Kibanda cha vitabu cha Tom Mboya: Urusi na majirani zake kwenye rafu moja

Tangu Martin Kimani, aliyekuwa balozi wa Kenya kwenye Umoja wa Mataifa, azungumze kwenye Baraza la Usalama Februari 2022, akaifananisha hali ya Ukraine na mipaka tuliyochorewa sisi na wakoloni, wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne hawaniachi. Silabasi inawapa Vita Baridi, wao wanataka kujua Ukraine ni ya nani. Majibu nimekuwa nikiyatafuta kwenye kibanda kimoja cha vitabu vya mitumba upande wa barabara ya Tom Mboya, Nairobi, si mbali na jengo la Archives, na nakipendekeza kwa kila mwalimu wa historia mjini hapa.

Hakina jina. Nje ni inama kama zile nyingine, yaani unainama kuchagua: turubali chini, vitabu vya shule, riwaya zilizochakaa. Ingia ndani, utazame rafu ya mbao mkono wa kushoto. Mwenye kibanda ameiweka Urusi pamoja na Ukraine, Kazakhstan, Poland, nchi za Baltiki na Wachechnya, watu wa milima ya Caucasus. Kwenye maduka makubwa niliyopita, ukiuliza Urusi unaonyeshwa wasifu wa Stalin na wa Putin, basi.

Upangaji huo ni jambo kubwa kwangu. Ukiisoma Urusi kutoka Moscow peke yake, utadhani dola lile lilitanuka kwenye nchi isiyo na watu. Kazan, mji wa mto Volga, ilikuwa na khan (mtawala) wake na Watatari wake kabla Ivan wa Nne, tsar (mfalme) wa Urusi, hajaiteka mwaka 1552. Crimea nayo ilikuwa na khan, ikatwaliwa 1783. Kule Caucasus, Imam Shamil alipambana na majeshi ya tsar kwa miaka 25 hadi aliposalimu amri 1859.

Niliona tofauti nilipofungua vitabu viwili juu ya Kazakhstan. Cha kwanza kilichapwa Moscow miaka ya 1970. Kinasifu ngano ya mashamba mapya na kituo cha roketi cha Baikonur, lakini miaka ya 1930 hadi 1933 kinairuka kana kwamba haikuwapo. Nikamwonyesha mwenye kibanda. Alipanda kigodani akashusha kingine, kinene, cha watafiti, tanbihi hadi chini ya kila ukurasa. "Mwalimu, chukua vyote viwili," akasema. "Nikikuuzia kimoja nitakuwa nimekuibia."

Hicho cha pili kinaeleza jinsi wafugaji walivyonyang'anywa mifugo na kulazimishwa kuingia mashamba ya pamoja, mifugo ikafa, watu wakafuata. Walikufa takriban milioni 1.5, wengi wao Wakazakh. Mimi ni Mkamba wa Machakos. Nyumbani tumekua tukisikia jinsi serikali ya kikoloni ilivyochukua ng'ombe wetu 1938, na jinsi Muindi Mbingu alivyowaongoza watu hadi Nairobi kudai warudishiwe. Huku hatukufa kwa njaa kama kule, wala silinganishi misiba. Lakini sikuhitaji mtu anieleze mfugaji ni nani pasipo mifugo yake.

Kuna huduma nyingine ndogo inayostahili sifa. Ndani ya kila jalada ameandika kwa penseli mwaka wa kuchapwa, na vya kabla ya 1991, mwaka Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, amevitenga. Ni msaada mkubwa kwa msomaji. Mfano ni maofisa wa jeshi la Poland waliouawa kwenye msitu wa Katyn, Urusi, mwaka 1940: Moscow iliwasingizia Wajerumani hadi ilipokiri mwaka 1990 kwamba ni kazi ya polisi wake wa siri. Kitabu cha Kisovieti cha 1975 bado kina thamani, ila ukisome ukijua kimeandikwa chini ya amri gani.

Kasoro zipo. Bei haijaandikwa popote, na mgeni hutajiwa ya juu; usikubali ya kwanza. Watu wa Siberia hawamo kabisa, na Georgia sijaiona hata kwenye kitabu kimoja. Mvua ikinyesha turubali hufunikwa na huingii. Kitabu changu cha Wachechnya kilikosa kurasa za Februari 1944, wakati Wachechnya na majirani zao Waingush karibu nusu milioni walipopakiwa kwenye treni na kupelekwa Kazakhstan na Kirgizia, yaani sura niliyoitaka kuliko zote. Nilipokirudisha alinibadilishia bila maneno, lakini ningependa awe anavikagua kabla ya kuuza.

Nenda Jumamosi asubuhi, kabla umati haujajaa njiani. M-Pesa anapokea. Akikuuliza unatafuta nini, usimwambie Urusi tu. Mtajie na nchi jirani unayoitaka, naye atakutolea vya pande zote mbili.