SSD au hadidiski? Tathmini ya vinavyouzwa Mwanga, Kigoma, kwa kuhifadhi mafaili ya nyumbani

Ingia duka lolote la vifaa vya kompyuta pale Mwanga, uliza kitu cha kuhifadhia picha na video. Mezani vitawekwa vitu vitatu: hadidiski ya nje ya terabaiti 1 yenye waya mfupi, SSD (diski ya chipu, isiyo na kinachozunguka) ya ndani ya gigabaiti 480, na kidude chepesi cha bati kilichoandikwa SSD 16TB kwa bei ya kuku wawili watatu.

Hicho cha tatu tukimalize mapema, maana ndicho kinachokula pesa za watu. Ukikifungua unakuta kadi ndogo ya kumbukumbu, ile ya simu, imechomekwa kwenye bodi ndogo ya USB, na programu yake ya ndani imechezewa ili iidanganye kompyuta. Kitapokea mafaili, kitaonyesha majina yote na ukubwa wote. Yakishapita uwezo wake halisi, yanayofuata yanaandikwa juu ya yale ya mwanzo au hayaandikwi popote. Siku ya kufungua picha za harusi unakuta nusu ya picha ni rangi ya kijivu. Usikinunue hata ukishushiwa bei.

Vinabaki viwili vya kweli. Ukiuliza "ipi nzuri?" muuzaji atakupa ile yenye faida kubwa kwake, kwa sababu swali lenyewe halina jibu. SSD ni ya kufanyia kazi, mahali pake ni ndani ya kompyuta. Hadidiski ni ghala. Na pesa unayookoa kwa kutonunua SSD kubwa, nunulia hadidiski ya pili.

Sababu iko kwenye umbo. Ndani ya hadidiski kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Kila kinapotafutwa kipande cha faili, kichwa kisafiri, sahani izunguke, ndipo kisomwe: milisekunde 10 hadi 15 kwa safari moja. Windows ikiwaka inafanya safari hizo maelfu kwa maelfu, ndiyo maana laptopu ya mtumba inakaa dakika tatu ikizungusha kiduara. SSD ni chipu tupu, hakuna kinachosafiri, inajibu kabla hata milisekunde moja haijaisha. Kwa faili moja kubwa, hadidiski inakwenda megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde, SSD ya SATA (inayotumia njia ileile ya hadidiski) kama 550, na ile ya NVMe (inayotumia njia mpya, ya haraka zaidi) ya kizazi cha tatu hufika 3,500. Mtumiaji wa kawaida ataruka kwa furaha akitoka hadidiski kwenda SSD yoyote. Akitoka SATA kwenda NVMe hatahisi kitu, labda awe anahariri video.

Kwa laptopu, chukua 480 au 500. Ile ya 240 itaonekana 223 kwenye Windows, na mfumo wenyewe pamoja na masasisho yake utakubakizia nafasi ya kubanana. (Usimgombeze muuzaji kwa hilo: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Terabaiti 1 halisi huonekana 931, ndivyo ilivyo.) Kabla ya kulipa, hakikisha laptopu inapokea umbo gani. Zile za zamani zinachukua inchi 2.5. SSD ina unene wa milimita 7. Kama hadidiski uliyotoa ilikuwa na 9.5, omba fremu ya plastiki ya kujazia, la sivyo itacheza kwenye soketi. Kwenye nafasi ya M.2, ile ya SSD zenye umbo la kadi nyembamba, ndipo watu wengi wanapoliwa. M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe zinafanana kwa sura, na laptopu ya SATA haitaiona NVMe kabisa. Kwa kawaida ya SATA ina mikato miwili kwenye meno, NVMe mmoja, lakini usitegemee macho peke yake. Soma kibandiko cha SSD, kisha tafuta maelezo ya modeli ya laptopu yako.

Kuhamisha mfumo hakuhitaji siku nzima. Futa au hamisha mafaili mpaka yaliyobaki yaingie kwenye SSD yakiacha nafasi, punguza patisheni (kigawanyo cha diski) kubwa ndani ya Windows, chomeka SSD kwa kasha la USB, kisha nakili diski nzima kwa Clonezilla, ambayo ni ya bure; SSD ikiwa ndogo kuliko diski ya zamani, ingia hali ya Expert uweke -icds, la sivyo itakataa. Zima, toa chaji, chomoa betri, fungua kwa bisibisi ya nyota, badilisha. Ikigoma kuwaka, mara nyingi ni mpangilio wa BIOS, programu inayoiamsha kompyuta: angalia SATA iko kwenye hali ya AHCI, na SSD ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya kuwakia.

Hofu ya kwamba SSD "inaisha" haina msingi kwa nyumba ya kawaida. Kingston A400 ya gigabaiti 480, ya bei nafuu, mtengenezaji ameiwekea kikomo cha kuandikwa terabaiti 160. Ukiandika gigabaiti 20 kila siku, ambazo ni nyingi, unatumia 7.3 kwa mwaka. Hesabu inakupeleka zaidi ya miaka 20.

Ila si kwa kamera za ulinzi. Kamera 4, kila moja ikituma megabiti 4 kwa sekunde, zinaandika gigabaiti 172 kwa siku, yaani terabaiti 63 kwa mwaka. SSD ileile inafikia kikomo ndani ya miaka miwili na nusu. Na kwa rekoda ya kamera kasi ya SSD haina kazi, maana mkondo wote ni megabaiti 2 kwa sekunde. Weka hadidiski ya inchi 3.5 iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, WD Purple au Seagate SkyHawk. Terabaiti 2 zitashika siku 11 hivi kabla ya kuanza kujifuta.

Jambo jingine la SSD ni zile zinazobana biti nne kwenye seli moja, QLC. Huanza kwa kasi kwa sababu zina sehemu ndogo ya haraka ya kupokelea, ikijaa zinalegea. Samsung 870 QVO ya terabaiti 1, kwa maelezo ya Samsung wenyewe, ikishapokea kama gigabaiti 42 mfululizo inashuka hadi megabaiti 80 kwa sekunde. Hiyo ni chini ya hadidiski nzuri. Kwa mfumo wa Windows haina ubaya. Kwa mpiga picha anayemwaga gigabaiti 200 kila Jumapili, ni pesa imepotea.

Tuje kwenye ghala. Video ya simu ya 1080p inaweza kula megabaiti 130 kwa dakika, karibu gigabaiti 8 kwa saa. Hapa bei kwa kila gigabaiti ndiyo inayoongea: chukua bei ya dukani, gawa kwa gigabaiti, linganisha. Hadidiski inashinda, tena kwa mbali kadiri ukubwa unavyopanda. Lakini bei si sababu pekee ya kuipendekeza kwa kumbukumbu za familia. SSD hutunza chaji ya umeme ndani ya seli, na chaji huvuja. Kiwango cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya chipu, kinaitaka SSD ya kawaida iliyofikia kikomo chake cha kuandikwa itunze data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi joto 30. SSD mpya hutunza zaidi ya hapo, ila joto likipanda muda unapungua, na sanduku lililo juu ya kabati chini ya bati lisilo na dari linapita nyuzi 30 bila shida. Pili, mtoto akifuta folda kwenye hadidiski, kwa kawaida data bado ipo mpaka iandikwe juu yake. Fundi mwenye programu nzuri anairudisha. SSD ya ndani, yenye TRIM inayofanya kazi (amri inayoiambia SSD kipi kimefutwa), inasafisha seli zilizofutwa ndani ya muda mfupi. Hapo hata fundi wa Dar hana cha kurudisha.

Ubaya wa hadidiski ni kwamba haitaki kuguswa ikiwa inazunguka. Ikiwa imezimwa inavumilia basi la Kasulu na mashimo yake yote, kwa sababu zile za inchi 2.5 huegesha vichwa pembeni ya sahani. Inayokufa ni ile iliyolala juu ya kochi ikikopi filamu, mtu akavuta waya. Dalili ni mlio wa tik-tik-tik, kimya, halafu tena. Kabla hujakata tamaa badilisha waya na tundu la USB: tundu la 2.0 linatoa miliampea 500, la 3.0 linatoa 900, na hadidiski ndogo inapoanza kuzunguka inaweza kutaka kama ampea nzima. Waya mrefu wa bei rahisi unatosha kuileta sauti hiyo. Ikiendelea kwenye tundu zuri la 3.0, ichomoe na usijaribu tena, kila jaribio linaweza kukwaruza sahani. Windows ikikuomba uifomati, kataa. Usiifungue kifuniko "kuangalia": punje moja ya vumbi jekundu la barabara zetu ni kubwa mara maelfu kuliko nafasi iliyo kati ya kichwa na sahani. Na usiifukie kwenye mchele, tafadhali.

Lipo pia suala la tundu la USB lenyewe. WD Elements na My Passport ndogo nyingi, ambazo ni hadidiski za nje, hazina tundu la SATA ndani. Tundu limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya diski. Likilegea, huwezi kuihamishia kwenye kasha jingine, inabidi fundi mwenye mkono mtulivu achomelee upya. Kwa hiyo kwa nyumba yenye watoto tunapendelea njia ya pili: hadidiski ya ndani ya inchi 2.5 kwenye kasha la USB 3.0. Kasha likifa unanunua kasha. Waya ukiwa wa 2.0, nusu terabaiti itachukua kama saa nne kukopi, wa 3.0, saa moja na robo.

Hadidiski nyingi ndogo za terabaiti 1 kwenda juu hupanga njia zake zikilaliana kama vigae, SMR, na Seagate Barracuda ya inchi 3.5 yenye namba ST2000DM008 ni hivyohivyo. Kwa kuweka na kuacha hazina neno. Ukifuta na kuandika kila siku zitakuchosha, kwa sababu kubadilisha kipande kimoja kunalazimu kuandika upya ukanda mzima.

Umeme. Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi, na hata baada ya gridi kufika, kukatika hakujatutoka. Laptopu yenye betri nzima haina wasiwasi. Kompyuta ya mezani bila UPS (betri ya akiba) ni hatari kwa diski zote mbili: hadidiski inapoteza ilichokuwa ikiandika, na SSD nyingi za nyumbani hazina kapasita za kumalizia kazi, hivyo zinaweza kuvuruga ramani yao ya ndani na siku ya pili zisionekane hata kwenye BIOS. SSD haipigi tik-tik kukuonya. UPS ya VA 650 inakupa dakika za kuzima kwa utaratibu, na hizo zinatosha. Hadidiski ya nje ifomati kwa NTFS badala ya exFAT (zote ni mifumo ya kupanga mafaili) kama unaitumia na Windows, maana NTFS ina daftari la mabadiliko na huinuka vizuri baada ya umeme kukatika.

Dukani usiondoke bila kuchomeka kwenye laptopu yenye CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Diski mpya ionyeshe saa za kuwaka 0 au chache sana. Namba 05, 197 na 198 za sekta mbovu (CrystalDiskInfo huziandika 05, C5 na C6) zote ziwe sifuri. 197 ikiwa na chochote, rudisha. 199 (C7) ikipanda, mara nyingi ni waya, diski inaweza kuwa nzima. Wapo wanaofuta historia hiyo: mapema 2025 hadidiski za Seagate zilizotumika zilikutwa sokoni Ulaya zikiuzwa kama mpya, zikaumbuliwa na kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM, ambayo programu ya smartctl toleo 7.4 inaisoma. Kwa SSD, fleshi na hadidiski, endesha H2testw, programu ya kupima uwezo halisi, nyumbani, ijaze diski nzima kisha isome. Terabaiti 1 ya hadidiski kwenye USB 3.0 itachukua kama saa tano na nusu, iache usiku.

Kwa nyumba ya kawaida, basi: SSD ya SATA ya 480 ndani ya laptopu, na hadidiski mbili za terabaiti 1 zenye mafaili yaleyale, si moja ya 2. Moja ikae kwako Gungu, nyingine kwa ndugu Ujiji, ndani ya kontena la plastiki linalofunga pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu vilivyotoka kwenye viatu vipya, maana masika upande wa ziwani hewa ni nzito. Zibadilishane kila baada ya miezi mitatu, na kila zamu fungua mafaili kumi ya kubahatisha.

Ukiagiza Kariakoo, ijaribu siku hiyohiyo inaposhuka kwenye basi. Na risiti, ya Kariakoo au ya Mwanga, iwe na siriali namba ya diski. Ikiandikwa "diski 1" tu, muuzaji atakuambia hiyo iliyokufa siyo aliyokuuzia.