Meza ya pweza ukishuka pantoni Kigamboni

Haina jina wala bango. Ukishuka pantoni upande wa Kigamboni jioni, tafuta jiko la mkaa lililozungukwa na bodaboda, ndipo hapo. Nafundisha baiolojia, na nikifika mada ya moluska, yaani wanyama wa mwili laini kama konokono na pweza, huwaambia wanafunzi waombe buku nyumbani waende pale.

Pweza ndiye wa kufuata. Minyiri imeiva vizuri, kijiti kinazama bila ubishi, na chachandu yao ya ukwaju ina pilipili ya heshima. Supu, kikombe mia tano. Foleni kubwa inatokana na zile habari za nguvu za ndoa. Mimi nainywa kwa utamu wake tu.

Kijana wa meza amezoea kuniwekea mdomo wa pweza pembeni: "Ticha, wako huu." Kipande hicho kilichopinda ndicho kigumu pekee cha maana mwilini mwake, kwa hiyo tundu likipitisha mdomo, mnyama mzima anapenya. Mioyo 3 na damu ya buluu, inayobeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma, huvioni kwenye sahani.

Ngisi mruke. Wanamkaanga mpaka anakuwa ndala, na bei yake iko juu ya pweza.

Dome, yule binamu wa ngisi, akiwepo, mnunue, na uombe ule "ufupa" mweupe kabla haujatupwa. Si mfupa. Ni gamba lililohamia ndani, lenye vijumba vya gesi vinavyomsaidia kuelea. Ngisi amebakiwa na kijiti chembamba kinachopitisha mwanga, na pweza gamba amelipoteza karibu lote. Wote watatu ni ndugu wa konokono. Wateja wenzangu hubisha mpaka niwashikishe huo ufupa. Na konokono ndio wengi: kati ya spishi zaidi ya 70,000 za moluska zinazojulikana, sehemu kubwa ni wao.

Siku hizi sinia lina chaza pia. Sijawala. Chaza hana kichwa, wala ule ulimi wenye vijino walio nao wenzake. Anakula kwa kuchuja maji, na anayechuja maji ya jirani na jiji anabaki na uchafu wake. Niliuliza wametoka wapi. "Baharini, ticha."

Wanaanza saa kumi na moja. Maji yakiwa mafu, yaani bahari haikupwa sana, pweza huwa wachache, wahi.