Miezi minne na mwanasaikolojia wa michezo, mrejesho kutoka kwa kipa

Naleta mrejesho maana kabla sijaanza nilitafuta mtu anieleze kwa Kiswahili hii huduma ikoje nikakosa.

Mimi ni kipa, ligi ya mkoa. Mwaka jana nilifungwa goli la kizembe, krosi ya kawaida kabisa ikaniponyoka dakika ya 88, tukatoka mashindanoni. Toka siku hiyo usingizi ukakata, krosi ikija miguu inaganda, nyumbani nikawa mkali hata kwa mtoto. Timu wakasema nimechezewa, kamati ya ufundi (wale wa mambo ya uganga, wanaojua wanajua) wakanipeleka kuogeshwa maji ya ajabu alfajiri. Nikaoga. Krosi iliyofuata nikaipangua vizuri tu, ikaangukia mguuni kwa straika wao.

Fizio wangu wa bega ndo akaniunganisha na dada mmoja mwanasaikolojia wa michezo, tukawa tunaongea WhatsApp ya video mara moja kwa wiki. Mi nikajua ntapewa hamasa. Wapi! Vikao viwili vya mwanzo ni maswali tu, unalala saa ngapi, unakunywa, umewahi kufikiria kujidhuru. Hilo la mwisho likanishtua, akacheka kidogo, "mdogo wangu hilo namuuliza kila mtu, ukisema ndiyo nakupeleka kwa daktari wa akili, mimi siandiki dawa."

Kazi yenyewe ni ndogo ndogo mpaka unajiona mjinga. Ukikosea gusa nguzo, shusha pumzi taratibu, sema neno lako (langu ni "inayofuata"), macho kwenye mpira, basi. Ila unalirudia mazoezini mpaka linakuja lenyewe. Usiku nafumba macho naiona krosi inakuja, nyingine nadaka, nyingine inaniponyoka kabisa na najiona nainuka naendelea, na hiyo ya pili ndo ilinisaidia zaidi sijui kwa nini. Akanipigia mfano wa Simone Biles, yule Mmarekani wa jimnastiki (michezo ya kuruka na kupinduka hewani), Olimpiki ya Tokyo 2021 aliruka mara moja tu fainali ya timu akajitoa, akiwa hewani hajui chini ni wapi, watu wakamtukana sana, halafu Paris 2024 akarudi kubeba dhahabu 3 na fedha 1. Wewe ukiganda mpira unaingia, akasema, yule angevunjika shingo.

Kero sasa. Bei! Elfu 40 kikao kimoja, kwa posho zetu hizi ilibidi tuhamie kila baada ya wiki mbili, na bado hujanunua bando. Halafu kocha akampigia kutaka kujua naongea nini, dada akagoma, akamwambia aniulize mwenyewe. Hapo nilimheshimu. Lakini anayelipa ni mimi, kama klabu ndo inakulipia uliza mapema ripoti inaenda kwa nani, kabla hujafungua mdomo.

Bado nafungwa, juzi tatu. Ila krosi natoka na usingizi umerudi. Nampa nyota 4, ile moja nimeikata kwenye bei na ye mwenyewe nimemwambia.