Miwani ya VR kwa mazoezi ya nyumbani: ipi ununue?

Mtu akiniuliza anunue miwani gani ya VR, ile inayofunika macho na kukuingiza ndani ya gemu, ya kufanyia mazoezi sebuleni, namuuliza kwanza kama ni mtu wa kutoa jasho jingi. Wauzaji watakusifia picha. Ukishaingia ulingoni kwenye The Thrill of the Fight, gemu ya ndondi, unainama, unakwepa, unarusha ngumi, picha huikumbuki tena. Unachosikia ni nusu kilo iliyoning'inia usoni na jasho linalojaa kwenye sponji chini ya macho mpaka lenzi zinashika ukungu. Orodha hii nimeipanga kwa kigezo hicho.

1. Meta Quest 3S. Ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299. Haina waya, haitaki kompyuta, na prosesa yake ni ileile ya Quest 3. Betri hudumu kama saa 2 na nusu, na dakika 40 za ndondi zinatosha kumchosha mtu mzima. Kasoro yake ni mkanda wa kitambaa, unaolegea ukianza kurukaruka. Tenga hela ya mkanda mgumu unaokazwa kisogoni, pamoja na kifuniko cha silikoni cha usoni ambacho unakifuta tu ukimaliza. Usivione kama mapambo. Bila hivyo sponji itaanza kunuka na utaacha kuivaa.

2. Meta Quest 3. Ilianza kwa dola 499 mwaka 2023. Picha yake ni kali hadi pembeni, na unaweza kuzisogeza lenzi mbali na macho. Kama unavaa miwani ya macho, kwako wewe hii ndiyo namba 1.

3. Pico 4. Betri imewekwa kisogoni, kwa hiyo uzito hauvuti mbele. Ikitoka tu kwenye boksi inakaa kichwani vizuri kuliko Quest zote mbili. Nimeishusha kwa sababu ya gemu: Beat Saber, ambayo imewafanya wengi kupenda mazoezi haya, ni mali ya Meta na dukani kwa Pico haipo.

4. Quest 2 iliyotumika. Inafaa kama mfuko ni mdogo. Ila mwaka 2021 sponji yake iliwasha ngozi za watu hadi mauzo yakasitishwa, na wenye nazo wakapewa vifuniko vya silikoni. Usiichukue bila kifuniko hicho.

Mbili nimeziacha nje ya orodha. PlayStation VR2 ina waya unaoungana na PS5, mashine ya gemu ya Sony, na ukigeukageuka unaukanyaga. Apple Vision Pro ya dola 3,499 haikuundwa kwa kazi ya jasho.

Yoyote utakayochukua, pata nafasi ya mita 2 kwa 2. Tandika mkeka mdogo katikati na uvue viatu: mguu ukigusa sakafu tupu, ujue umesogea. Mimi nilichubuka vidole kwenye kabati kabla ya kuanza kutumia mkeka. Washa feni mbele yako pia. Upepo unakuonyesha ulikoelekea na unapunguza kichefuchefu.

Ukimaliza, usiiache dirishani. Jua likipenya kwenye lenzi linaunguza kioo cha ndani, na doa lake halitoki.